Bambo la Bwana Mifugo

Paka yule alitugharimu njiwa wote wa Bwana Mifugo, chupa ya wino wa ramani, gunia na nusu la mchele wa Kamsamba, na jicho moja la paka mwenyewe. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na mara zote mbili nimebaki na kitu kimoja mkononi ambacho sijui nikiweke upande gani.

Jina lake silitaji. Tunduma hatukulitumia hata yeye akiwepo. Alikuwa Bwana Mifugo, watoto wake walikuwa watoto wa Bwana Mifugo, na baiskeli yake ikiegemezwa ukutani tulisema Bwana Mifugo yupo, hata kama aliyeiegemeza ni mwingine. Mkewe naye alimwita hivyo mbele za watu. Alikuwa mtu wa milima ya Ileje, Mndali, Mkristo wa benchi la mbele, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama njia za kwao. Mikono yake ilinuka dawa ya josho siku zote, hata Jumapili, hata akiwa ameshika kitabu cha nyimbo.

Mimi nilikuwa muuza mchele. Mume wangu, dereva, alinileta kutoka Kondoa kwa lori. Akanishusha, na lori likaendelea na safari mpaka leo. Miaka ile ya uhaba, mtu mwenye magunia nyumbani aliitwa mlanguzi, na mlanguzi alikuwa na kwao: rumande. Kwa hiyo kila gunia langu lilikuwa la harusi. Balozi wetu wa nyumba kumi aliwahi kuniuliza nina mabinti wangapi wa kuozesha.

"Wa kwangu na wa ndugu zangu, Balozi," nikamwambia. "Na ndugu zangu ni wengi."

Akacheka, akaondoka na mchele wake chini ya kwapa.

Bwana Mifugo alikuwa mnunuzi mbaya kuliko wote niliowahi kupata, maana hakuwa na haraka. Siku ya kwanza alipofika, nilichukua bambo langu, ule mrija wa bati wenye ncha tunaochomea gunia ili nafaka ichuruzike mkononi mtu aione kabla ya kununua. Nikachoma gunia, nikamwonyesha mchele. Hakuutazama mchele. Alilitazama bambo.

"Hii ni sindano yangu," akasema.

"Hiyo ni yangu, Bwana. Nimeinunua Mbeya."

Akacheka bila kutoa sauti, akanieleza. Ng'ombe akiletwa kwake na homa, alitafuta tezi iliyovimba chini ya sikio, akachoma sindano, akavuta tone, akalipaka kwenye kipande cha kioo. Kikikauka, alikitia rangi, akakiweka chini ya hadubini, akageuza kile kioo chake kidogo kulitafuta jua. Akiona alichokiona, alijua ni ndigana, ile homa ya kupe, na si kitu kingine. "Kazi yetu ni moja," akasema. "Wewe hununui gunia lililoshonwa. Mimi sinunui ugonjwa ulioshonwa."

Tangu siku ile msemo huo ukawa wake. Aliutumia kwa wafugaji, aliutumia kanisani siku ya mavuno, na sikupata hata shukrani. Alikuwa na mingine. "Ng'ombe hasemi, mwenyewe husema uongo." Na wafugaji walipomlilia awachome sindano tu bila kupoteza muda na vioo, aliwajibu, "Dawa bila kutazama ni sadaka. Kanisa liko kule juu."

Lakini nisimfanye malaika. Alikuwa mkaidi, na alikuwa na kiburi cha watu wapole, ambacho ndicho kibaya zaidi kwa sababu hukioni mpaka umekigonga. Aliwahi kumwacha mfugaji wa Kinamwanga asimame juani na ndama wake tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa kuwa mtu huyo alisema ng'ombe wake hawajawahi kuruka josho. "Akisema kweli nitatoka," alisema, akaendelea kunywa chai. Mtu akasema kweli. Ndama alikuwa amekwisha lala chini.

Na kulikuwa na jambo la vijiji. Watu walipohamishwa kutoka mabondeni na kwenye miinuko kuletwa kando ya barabara, yeye alipelekwa kuwashawishi wenye ng'ombe. Mamake alikuwa mmoja wa waliohamishwa. Nilisikia kutoka kwa wengine kwamba alisimama pale paa la mamake likiezuliwa. Nilimwuliza mara moja tu, tukiwa tunabishana bei, ulimi ukaponyoka. Akasema, "Nilitazama," akalipa bei niliyoitaja bila kuipunguza. Sikuifurahia pesa ile.

Paka aliwadharau. Alisema paka ni mpangaji asiyelipa kodi. Aliowapenda ni njiwa. Ofisi yake ilikuwa ya bati lililobana ukuta bila kuacha nafasi ya kiota, kwa hiyo aliniomba pembe za paa la ghala langu, akapigilia masanduku ya chai kwa ndani, chini kidogo ya paa, na njiwa wake wakakaa humo. Kodi yao ilikuwa kunitibia mbuzi. Jumapili baada ya ibada alikuja na koti lake la kanisa, akakaa juu ya debe lililopinduliwa katikati ya ua wangu, na njiwa wakamtembelea mabegani. Aliwasemesha kwa Kindali, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akimtolea binadamu. Mtu huyu alikuwa akimpasua ndama tumbo bila kupepesa jicho, lakini mwewe akimpiga njiwa mmoja angani, aligeuza uso ukutani.

Chini ya masanduku yale kulikuwa na magunia yangu, na juu ya magunia kulikuwa na Karani.

Karani alikuwa paka jike wa mistari ya kijivu, kifua cheupe. Jina nilimpa mimi, kwa sababu nilipohesabu magunia alikuwa akipita juu yake, moja moja, nyuma yangu, kama anayehakiki. Tofauti yake na makarani wengine ni kwamba yeye hakuomba kitu. Panya wa Tunduma msimu wa mchele ni wakubwa, na wanajua gunia lipi ni jipya. Bila Karani, harusi zangu zote zingekosa chakula.

Alianza kwa kupiga chafya. Halafu tundu moja la pua likawa linatoa ute mzito, wenye damu kidogo. Halafu juu ya pua pakaota uvimbe, mdogo kama mbegu ya ukwaju, kisha mkubwa kuliko hapo, mpaka uso wake ukabadilika ukawa kama wa mtu mwenye hasira. Majirani wakatoa dawa: nyoka kamtemea, apakwe tumbaku; kanusa pilipili; mwanamke fulani ananionea wivu, mimi Mama Mchele.

Nikamwita Bwana Mifugo.

"Mimi ni wa ng'ombe," akasema.

"Mchukulie ni ng'ombe mdogo."

Akamshika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota soksi ya mwingine. Akamchoma penisilini, siku kadhaa mfululizo, na uvimbe ukaendelea na shughuli zake. Hapo ukaidi wake ukaamka. Akampapasa chini ya taya, akakuta tezi imevimba, na vidole vyake vikafanya vilichozoea miaka yote: sindano, tone, kipande cha kioo, rangi. Akakichukua kioo ofisini, akageuza kile kioo kidogo cha hadubini kwenye jua, akatazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni na paka ndani ya kikapu.

Akainua kichwa akicheka. "Mama Mchele, paka wako amejaa wanga."

"Wanga?"

"Vumbi la mchele wako. Viduara vikubwa kwa vidogo, vyeupe pembeni. Analala juu yake, analamba, anavuta. Ameingiza mwilini ghala zima. Nenda, ni mafua ya paka."

Ni kosa ambalo angelifanya yeye tu, na kwa paka wangu tu. Mtu asiyejua ninauza nini angejiuliza viduara vile ni nini. Yeye alijua ninauza nini, kwa hiyo hakujiuliza. Nikamwambia kwa utani, "Bwana, umechoma gunia sehemu moja. Sisi huchoma juu, katikati na chini, maana mwuzaji mwerevu huweka mchele mzuri juu." Akakunja uso. Alikuwa hapendi utani wa kazi ukitoka upande wa pili. Kile kioo akakifuta kwa kitambaa.

Uvimbe wa Karani ukakua. Majuma machache baadaye nikaona mboni za macho yake zimefunguka, kubwa, nyeusi, hata akiwa ameelekea mlango wenye jua. Akawa anajigonga kwenye magunia. Karani aliyekuwa akitembea juu ya mshono wa gunia kama mwanasarakasi juu ya kamba, sasa alitembea akiwa ametanguliza mguu mmoja hewani, anapapasa.

Kisha dume la Balozi likafa. Lilikuwa paka la kunenepa kwa wizi, na lilikuwa likilala ghalani kwangu kuliko kwake. Lilishikwa na kifafa mbele ya wageni wake, likazunguka zunguka, likafa chini ya meza. Balozi akaja kwangu amelibeba ndani ya mfuko wa katani, na uso wake haukuwa wa kuulizia mabinti.

"Umetega sumu ya panya," akasema. "Paka wangu amekula kwako."

"Mimi nina paka wangu mwenyewe humo humo, Balozi. Nitege sumu nimwue karani wangu?"

"Sijui. Nitaita watu waje walikague ghala. Wakikuta sumu, na magunia watayaona."

Hapo nikaelewa kilichokuwa mezani. Paka kafa, na mimi nitakwenda mahali ambapo walanguzi huenda. Nikamwambia neno moja la busara nililokuwa nalo siku ile: "Twende kwa Bwana Mifugo alitazame. Akisema sumu, nitafungua mlango mwenyewe."

Alilipasua nyuma ya ofisi, juu ya meza ya mbao aliyochinjia kuku wa sikukuu. Balozi alisimama mbali ameshika leso puani. Mimi nilisimama karibu, kwa kuwa mali iliyokuwa ikikaguliwa ilikuwa yangu. Mapafu yalikuwa na vinundu vya kijivu, laini, vinavyong'aa. Figo zilikuwa navyo. Akachukua msumeno mdogo, akafungua fuvu. Juu ya ubongo kulikuwa na utelezi. Akauinua kwa ncha ya kisu, ukavutika, haukukatika.

"Mlenda," nikasema, kwa maana ndivyo ulivyokuwa, mlenda uliopoa.

Bwana Mifugo akaunusa, akausugua kati ya vidole, akatazama mlango wa ofisi kwa muda. Halafu akanawa mikono, akanawa tena, akaingia ndani, akatoka na chupa ndogo ya wino mweusi. Ulikuwa wino uliobaki tangu enzi ya kuchora ramani za vijiji, ule ule uliochora mistari ambayo watu walihamishiwa ndani yake. Afisa ardhi alikuwa amemwachia.

Akatia tone la wino kwenye kioo, akachanganya na mlenda ule kidogo. Kisha akasema, "Mlete Karani," nikakimbia kumleta. Safari hii hakugusa tezi. Akaingiza sindano kwenye uvimbe wenyewe wa pua, na Karani hakujitetea. Akatengeneza kioo cha pili. Akatazama kimoja, akatazama kingine, akarudia cha kwanza. Halafu akasimama, akanionyesha kwa mkono nikae mahali pake. Hakuwahi kumkalisha mtu pale.

Niliona weusi, weusi wa wino mtupu. Ndani ya weusi kulikuwa na duara nyeupe, nyingi, kama vile mtu amemwaga shanga kwenye lami. Kila duara ilikuwa na kiini katikati, na moja kati yao, kwenye kiini chake, ilikuwa na kingine kidogo kinachoota ubavuni, kama kiazi kinavyochipua.

"Umekiona kile kinachochipua?"

"Nimekiona."

"Wanga hauzai," akasema.

Hakusema zaidi kuhusu kosa lake, na mimi sikumdai aseme. Balozi aliyekuwa mlangoni akauliza kama ni sumu.

"Si sumu. Ni kuvu."

"Kuvu? Hii ya mkate?"

"Ndugu yake. Ya mkate inakaa nje. Hii inaingia puani na vumbi, inashuka mapafuni, inapanda kichwani, inatafuta macho na figo. Inajivika ute mzito ili mwili usiishike. Ule weupe aliouona Mama Mchele ndio nguo yake."

"Na inatoka wapi?" akauliza Balozi.

Bwana Mifugo akatoka nje bila kujibu. Alisimama kwenye ua wa ofisi, akageukia upande wa ghala langu lililokuwa jirani, akatazama juu. Nikafuata macho yake mpaka kwenye pembe za paa. Sikumwuliza. Katika biashara kuna wakati unaona kabisa kwamba mwenzako anaijua bei, na heshima ni kumwacha aitaje mwenyewe. Angeweza kusema inatoka hewani. Angeweza kusema ni ya Kamsamba, inakuja na mchele, na Balozi angeamini, na mimi ningefungwa.

"Mavi ya njiwa," akasema. "Yakikauka yakawa vumbi. Inazaliana humo."

"Njiwa wa nani?" akauliza Balozi, ingawa alijua.

"Wangu."

Balozi alikuwa mtu wa kupenda kutoa amri, na siku ile alipewa nafasi. Akasema njiwa waondoke kabla ya jua kuchwa, na ghala lifagiliwe, na yeye mwenyewe atakuja kuona. Kuhusu magunia hakusema kitu. Nadhani aliona aibu ya kunisingizia, au alikumbuka mchele wake wa chini ya kwapa.

"Wahamishe, Bwana," nikamwambia tulipobaki wawili. "Wapeleke Vwawa, wapeleke hata Ileje."

"Njiwa hahamishiki, Mama Mchele. Ukimpeleka Vwawa asubuhi, jioni yuko juu ya paa lako. Hao si watu."

Nilimtazama kuona kama alikuwa akizungumzia njiwa. Alikuwa amekwisha geuka.

Aliwanyonga mwenyewe, mmoja mmoja, amekaa juu ya lile debe lake. Walikuja wenyewe alipowaita. Ndiyo sehemu ambayo sipendi kuikumbuka. Balozi akasema nyama isipotee. Bwana Mifugo akajibu kwamba nyama haina kosa, njiwa mwenyewe haugui, anabeba tu, ndio ubaya wa jambo lenyewe. Lakini watu walikuwa wamekwisha sikia, na hakuna aliyechukua hata mmoja. Akawachimbia shimo.

Kufagia kulibaki. Alisema mavi yale yalowanishwe kwanza, maji mengi, ndipo yakwanguliwe, maana yakifagiwa makavu vumbi litapanda. Akaingia ndani na ndoo, akasimama. Chini ya masanduku yale kulikuwa na mchele mpaka usawa wa kifua, ambao maji yangeuozesha, na lori lililokuwa lije kuuchukua lilikuwa limekwama na mvua njiani. Alinitazama. Sikusema kitu, si ndiyo wala hapana. Ghala ni langu lakini njiwa ni wake, na maneno yote mawili yalikuwa yakisikika bila kusemwa. Akaweka ndoo chini. Akafunga kitambaa chake cha kanisa puani na mdomoni.

"Tokeni wote. Funga mlango," akasema.

"Bwana, tusubiri lori."

"Njiwa ni wangu, mavi ni yangu. Funga."

Tulisikia ufagio. Alipotoka alikuwa mweupe nywele hadi viatu, kama msaga unga wa kinuni, na kitambaa kilikuwa kimemwangukia shingoni. Akakohoa, akatema mate, akaomba maji ya kunawa. Sijui kama ni siku ile. Alikuwa ameishi na njiwa maisha yake yote, na mabega ya koti lake la kanisa yalikuwa na alama zao tangu sijamjua. Ninasema tu nilichokiona.

Kumtibu Karani kulikuwa kazi ndefu kuliko kumchunguza. Kulikuwa na dawa ya sindano, ya rangi ya manjano, katika hospitali kubwa. Bwana Mifugo aliijua: huyeyushwa kwenye maji ya sukari, kwa kuwa kwenye maji ya chumvi huganda kama maziwa, huingizwa pole pole mshipani, na huku ikiua kuvu, inatafuna figo. Nikamwambia nina mtu hospitali anayekula mchele wangu. Akakataa kabisa. "Ile inahesabiwa kwa vichwa vya watu. Kuna mtu yuko kitandani anaisubiri. Sitamnyang'anya nimpe paka."

Akanitajia vidonge vipya, alivyosoma habari zake katika jarida lililomfikia likiwa limechelewa. Ketokonazo. Huku kwetu havikuwepo. Nikavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia.

Mwenye duka la dawa alikuwa Mbemba mnene aliyekaa nyuma ya nondo. Nikamwamkia mulishani mukwai, akajibu bwino, na mpaka hapo tulikuwa marafiki.

"Mgonjwa ana umri gani, mama?" akauliza.

"Miaka mitatu."

"Mtoto mdogo hivyo? Uzito wake?"

Nilipomtajia uzito aliweka kalamu chini. Nikamwambia ni karani wangu. Alicheka mpaka akafuta macho, akasema bei ya karani ni tofauti na ya mtoto. Nikamwambia ndiyo, ni ndogo, kwa sababu karani hulipwa kidogo. Tukabishana mpaka chai ya pili. Tulimaliza kwa mchele, maana shilingi yetu yeye hakuitaka, na kwacha yake mimi sikuwa nayo.

Robo ya kidonge, ikisagwa, ikitiwa katika mafuta ya dagaa wa kapenta. Bwana Mifugo alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda joshoni. Alimfunga Karani kwa taulo, akabaki kichwa tu, akampanua mdomo kwa kidole gumba. Alimpima kwenye mizani yangu ya mchele. Baada ya wiki kadhaa paka akaacha kula, na ngozi ya ndani ya masikio ikawa ya njano. Ini, akasema, dawa imelifika ini. Akasimamisha vidonge. Tukakaa tumemtazama paka anayekonda kwa dawa baada ya kukonda kwa ugonjwa, hatujui kipi kitamaliza kazi. Manjano yalipopungua akaanza upya, siku moja anampa, siku moja anampumzisha. Siku moja niliingia ghalani nikamkuta amekaa juu ya debe na lile taulo mapajani, anamsemesha paka kwa Kindali. Ile sauti ya njiwa.

Pua ikapungua. Chafya zikaisha. Jicho moja likaanza kufunga mboni mbele ya jua, la pili likabaki wazi, jeusi kama kisima. Nikasema sasa basi, amepona, vidonge vilivyobaki nivirudishe Nakonde nipate chochote.

"Pua imepona," akasema. "Kuvu haikai puani peke yake. Tukiacha leo, itarudi kwa mlango wa nyuma. Tutaendelea mpaka miezi miwili baada ya wewe kusema amepona."

"Mwezi mmoja."

"Hapa si sokoni, Mama Mchele."

Ilikuwa mara pekee aliyonishinda bila kupunguza hata kidogo. Tukamaliza miezi yake. Karani akarudi juu ya magunia, akisikiliza zaidi kuliko kuona, na panya wakagundua kwamba sikio linatosha. Vikabaki vidonge vichache ndani ya chupa. Nikavifunga kwenye kitambaa, nikaviweka kwenye sanduku la nguo, kwa kuwa sijawahi kutupa kitu kilichonigharimu mchele.

Kisha Bwana Mifugo akamaliza utumishi, akarudi Ileje. Miaka ikapita, si mingi. Nilikwea huko kwao msimu wa maharage, kwenye lori lililobeba chumvi na sabuni, nikauliza nyumba yake karibu na Ikinga. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na watu walitembea wakiwa wamejifunika mablanketi.

Mkewe akanipokea mlangoni, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Karibu, mama. Yuko ndani. Utanisamehe kwa giza, mwanga unamwumiza."

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia. Alikuwa amekaa kitandani, kanga ya mkewe imefungwa machoni, shingo imenyooka kama ya mtu aliyebeba mtungi. Alikuwa amekonda. Akanitambua kwa sauti.

"Mama Mchele. Harusi zinaendeleaje?"

"Nimeozesha mkoa mzima, Bwana."

Akatabasamu, na tabasamu likamwumiza. "Karani?"

"Alikufa mwaka jana. Kwa uzee tu. Hakupiga chafya hata mara moja."

"Vizuri. Vizuri sana."

Mkewe akasema kichwa kimemshika tangu kabla ya kupanda maharage. Zahanati waliona malaria, wakampa dawa ya malaria. Kikaendelea, wakampa tena. Anatapika asubuhi. Juzi alimwita kwa jina la mamake. Akatoka kwenda kuchemsha chai, nadhani ili alie huko jikoni.

Nikafungua fundo la kitenge changu. Nilikuwa nimekwenda na vile vidonge vya Karani. Sijui kwa nini, au najua. Nikamwekea kile kitambaa mkononi. Akakipapasa, akavisikia vidonge vikigongana, akajua.

"Hivi vimechacha," akasema. "Na kwa kichwa cha mtu havitoshi. Havifiki huko."

"Ile ya manjano basi. Uliwaambia hospitali wakutazame? Maji ya mgongoni, wayatie wino?"

"Sijawaambia."

"Kwa nini?"

Nje, mtu alikuwa akipasua kuni, na kila shoka liliposhuka alikunja uso.

"Leo ni malaria," akasema. "Malaria ina watu wanaopona. Mke wangu analala usiku kwa sababu ni malaria. Ile sindano nikiipata itanila figo, na huenda isipatikane, na wakitazama wakaona zile duara, tutakuwa tunajua, basi. Nimezitazama, Mama Mchele. Ninazijua zilivyo."

"Bwana, ni wewe uliyesema hununui ugonjwa ulioshonwa."

"Nilikuwa nikinunua magonjwa ya wengine."

Akaukunja mkono wake juu ya vile vidonge, taratibu, kama mtu anayefunika kifaranga. Nikasikia mkewe anakuja na vikombe. Bwana Mifugo naye alimsikia, maana alishusha sauti, akaniegemea, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaniuliza kitu ambacho hakuwa na jibu lake.

"Umechoma magunia mengi kuliko niliyochoma tezi. Nishauri, kabla hajaingia. Gunia likiwa la kwako mwenyewe, na huna pa kulirudisha, unalichoma bambo, au unaliacha limeshonwa?"